Alinusurika ajali ya ndege Tabora mwaka 1920, akaja kufa kwa kugongwa na teksi London

Ijumaa ya Februari 27, 1920, ndege kubwa ya injini mbili ilijaribu kuruka kutoka Tabora kuelekea kusini. Haikufika popote. Injini ilipoteza nguvu wakati wa kupaa, ndege ikaanguka na kuharibika kabisa.

Ndani walikuwemo watu watano. Wote walitoka hai.

Mmoja wao hakuwa rubani wala fundi. Alikuwa Dk Peter Chalmers Mitchell, bingwa wa elimu ya wanyama, umri miaka 55.

Huyu ni nani?

Alizaliwa Novemba 23, 1864 mjini Dunfermline, Scotland. Mwaka 1903 akawa Katibu wa Jumuiya ya Zuolojia ya London, yaani bosi wa bustani maarufu ya wanyama ya jiji hilo. Alikalia kiti hicho miaka 32.

Kitu alichokipigania ni nafasi. Aliamini mnyama anahitaji hewa na eneo la kutembea, siyo kizimba kidogo cha nondo.

Alifuata nini Tabora?

Gazeti la The Times lilitaka ndege yake iwe ya kwanza kutoka Cairo mpaka Cape Town, na Mitchell akapanda kama mwandishi wake. Ndege ilikuwa Vickers Vimy Commercial, marubani Stanley Cockerell na Frank Broome. Waliondoka Brooklands, Uingereza, Januari 24. Injini ziliwasumbua njiani, lakini walisogea: Khartoum, Jinja, Kisumu, hatimaye Tabora.

Tabora ilishazoea wasafiri. Kwa miaka mingi misafara ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ilipita hapo ikibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alitumia miezi mitatu hivi kutoka pwani mpaka Tabora. Reli ilifika mwaka 1912. Sasa ikaja ndege, ya kumaliza Kisumu hadi Tabora kwa saa chache tu.

Lakini kupaa hapo si mchezo. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na jua la Tabora mnalijua. Hewa ya juu na yenye joto ni nyepesi: injini inapungua nguvu, mabawa nayo yanabeba kidogo. Ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi chini. Injini ikizingua hapo, rubani hana urefu wa kujiokoa.

Safari ya The Times ikaishia hapo. Waliofika Cape Town, Machi 20, ni Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika Kusini. Nao haikuwa rahisi: waliharibu ndege mbili, wakamalizia na ya tatu.

Maisha baada ya Tabora

Mitchell alirudi kwenye wanyama wake. Mwaka 1931 ndoto yake kubwa ilitimia: Whipsnade ilifunguliwa, bustani ya mashambani ambako wanyama wana maeneo mapana ya wazi.

Alipostaafu alihamia Málaga, Hispania. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikamkuta huko. Yeye aliunga mkono serikali ya Jamhuri, lakini familia ya jirani wa upande wa pili ilipokuwa hatarini, aliificha nyumbani kwake.

Februari 1937 majeshi ya Franco yaliuteka mji. Mitchell alikamatwa pamoja na mgeni wake, mwandishi Arthur Koestler. Mzee wa miaka 72 aliachiwa. Koestler alikaa gerezani akisubiri kuuawa, mpaka alipotolewa miezi michache baadaye.

Mitchell alirudi Uingereza. Mwaka 1945 teksi ilimgonga nje ya bustani ile ile aliyoiongoza. Alifariki Julai 2, akiwa na miaka 80.

Whipsnade bado ipo, na watu wanaendelea kuitembelea.