Asadikivyo Mtu Ndivyo Aishivyo: Maisha ya Mtakatifu Augustino

Mara nyingi twawasikia wazazi Wakristu wakisikitika juu ya kijana wao. Alibatizwa angali mchanga, akajifunza Katekisimu, akapokea Kipaimara. Leo haonekani tena kanisani siku ya Bwana. Wazazi huwalaumu rafiki zake, au mji alikokwenda kusoma, au simu asiyoiweka chini. Huenda lawama hizo zina haki. Lakini ni wachache wamwulizao kijana mwenyewe anasadiki nini: ulimwengu huu ni wa nani, uovu watoka wapi, mtu ni nani, na akifa anakwenda wapi. Maswali hayo yaonekana kuwa ya wataalamu tu. Kumbe kila mtu anayo majibu yake, hata kama hajayatamka kamwe, na majibu hayo ndiyo yamwongozayo mezani, sokoni, katika ndoa na mazishini.

Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeyabadili majibu hayo mara kadhaa, na kila alipoyabadili, mwenendo wake wa kila siku ulibadilika pia. Mtu huyo ni Mtakatifu Augustino, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Habari zake nyingi twazijua kutoka kwake mwenyewe, kwa maana karibu na mwaka 397, akiwa tayari Askofu, alianza kuandika kitabu cha Maungamo, ambamo hakuificha aibu yake.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao siku hizi waitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristu mwenye ibada. Baba yake, Patricius, alikuwa mpagani, naye alibatizwa karibu na kufa kwake. Hawakuwa matajiri, lakini walipatana katika jambo moja: mtoto huyu mwenye akili asome mpaka awe mtu mkubwa. Alipofikia umri wa miaka 16 masomo yalisimama kwa mwaka mmoja, kwani baba alikuwa akitafuta fedha za kumpeleka Carthage. Mwaka huo wa kukaa bure, usiku mmoja, Augustino na wenzake waliiba mapeasi ya jirani, wakawatupia nguruwe. Hakuwa na njaa, na nyumbani kwao yalikuwako mapeasi mazuri zaidi. Katika Maungamo asema kwamba alipendezwa na uovu wenyewe, na kwamba peke yake hangelitenda. Tena hafichi ya kuwa wazazi wake, hata mama yake mtakatifu, hawakumtafutia ndoa wakati ule, wakiogopa isije ikamzuia katika masomo. Sisi wazazi tulitafakari jambo hili. Msalaba waweza kutundikwa ukutani, na huku mazungumzo yote ya nyumba yakimfundisha mtoto kwamba thamani ya mtu ni cheo chake.

Alipofika Carthage alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Akiwa na umri wa miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero juu ya kutafuta hekima, na moyo wake ukawaka. Akayafungua Maandiko Matakatifu, lakini lugha yake akaiona duni, isiyomfaa msomi. Basi akajiunga na wafuasi wa Mani, mtu aliyefundisha katika nchi za Babeli na Uajemi katika karne ya tatu. Hao walisema kwamba ziko enzi mbili tangu milele, ya nuru na ya giza, na kwamba vipande vya nuru vimefungwa ndani ya vitu, hata katika mimea na matunda. Wateule wao hawakuoa, wala hawakula nyama, wala hawakuchuma tunda kwa mikono yao. Wasikilizaji, ambao Augustino alikuwa mmojawapo, waliwaletea chakula, ili nuru iliyo katika chakula hicho ifunguliwe matumboni mwa hao wateule.

Msomaji atacheka, lakini atazame mafundisho hayo yalivyoingia katika maisha. Augustino, kijana msomi kuliko wenzake, alisadiki kwamba mtini hulia machozi unapochumwa tunda lake. Maskini mwenye njaa asiye wa dini yao akiomba tunda, kumpa lilikuwa kosa, kana kwamba tunda ndilo lenye kuonewa. Na kuhusu dhambi zake mwenyewe alipata faraja kubwa: si yeye aliyetenda dhambi, bali asili nyingine iliyokuwa ndani yake. Kwa hiyo hakuona haja ya kutubu, na asiyetubu hapati kusamehewa. Alikaa katika mafundisho hayo miaka tisa hivi.

Wakati ule alikuwa na rafiki mpenzi huko Thagaste, ambaye yeye mwenyewe alimvuta kutoka katika imani. Rafiki huyo alishikwa na homa kali, akabatizwa hali hana fahamu. Alipopata nafuu, Augustino akaufanyia mzaha ubatizo huo, akidhani watacheka pamoja. Mgonjwa akamtazama kama adui, akamwonya aache maneno hayo kama ataka kubaki rafiki yake. Baada ya siku chache homa ikarudi, akafa. Augustino alilia mpaka mji wa kwao ukamchukiza. Mungu aliyemsadiki wakati ule hakuweza kumfariji, kwa sababu hakuwa Mungu, bali fikira tu.

Na Monika je? Mwanzoni alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Kisha akaota ndoto: amesimama juu ya ubao, na kijana mwenye kung'aa akamwonyesha kwamba mwanawe amesimama papo hapo alipo yeye. Akamrudisha mezani. Akamwendea Askofu mmoja amsihi abishane na mwanawe. Askofu huyo, ambaye utotoni alilelewa miongoni mwa wafuasi wa Mani, alimshauri amwache kwanza, amwombee, kwani akisoma atagundua mwenyewe. Na akamtuliza kwamba mtoto aliyeliliwa hivyo hawezi kupotea. Monika hakuyaita mema mafundisho ya mwanawe, wala hakuufunga mlango wake.

Jambo jingine lililomshika Augustino lilikuwa unajimu. Aliwaendea watazamao nyota, ingawa tabibu mmoja mzee na rafiki yake Nebridius walimkanya. Baadaye, huko Milan, mtu aitwaye Firminus alimsimulia kwamba siku aliyozaliwa yeye, katika nyumba ya rafiki wa baba yake alizaliwa mtoto wa mjakazi, saa ile ile, maana wazee wale wawili walizipima nyakati kwa makini sana. Nyota zao zilikuwa moja. Lakini Firminus alikua katika utajiri na heshima, na yule mwingine akabaki mtumwa. Augustino akaona upuuzi huo ukianguka. Twawaambia vijana wetu wasomao kila juma kurasa za nyota, na wale waendao kupigiwa bao kabla ya mtihani au uchumba: asadikiye kwamba nyota imemwamulia, huacha kujitahidi na huacha kujihukumu. Hayo ni mafundisho ya Mani katika vazi jingine.

Mwaka 383 Augustino aliondoka Afrika kwenda Roma, akimdanganya mama yake na kumwacha pwani, na mwaka uliofuata akapata kazi ya heshima huko Milan, kufundisha usemaji. Siku moja akiwa njiani kwenda kumsifu Kaisari kwa hotuba iliyojaa uongo, alimwona mwombaji mlevi akicheka njiani. Akatambua kwamba mwombaji yule kwa senti chache amepata furaha ambayo yeye, kwa taabu zote, hajaipata. Na ingawa furaha ya mlevi si ya kweli, cheo alichokitafuta yeye kilikuwa cha uongo zaidi. Lakini aliendelea kukitafuta. Kwa ajili ya kupata ndoa ya kumwinua, alimrudisha Afrika yule mama wa mtoto wake, aliyekuwa naye miaka mingi. Mwanamke huyo, ambaye jina lake hatukuachiwa, aliweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine. Augustino akiri kwamba moyo wake ulitoka damu. Hata hivyo, akatwaa mwanamke mwingine. Yawezekana kabisa mtu kuyakataa mafundisho ya uongo, na huku akiendelea kuishi kama mtumwa wake.

Kilichomwokoa ni nini? Kwanza, Askofu Ambrosi wa Milan alimpokea kwa upole, na katika mahubiri yake alimwonyesha jinsi Maandiko yale aliyoyadharau yanavyofasiriwa. Pili, vitabu vya wafuasi wa Plato vilimfungua akili akaona kwamba uovu si kitu chenye asili yake, bali ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo upungufu wa nuru. Hapo mambo yote yakageuka. Kama Mungu mmoja mwema ameumba vyote, basi mkate ni mwema, na mwili ni mwema, na maskini astahili tunda lile. Na dhambi yangu ni yangu mimi, si ya mwingine. Lakini kwa kuwa ni yangu, naweza kuiungama nikasamehewa.

Akili ilikubali, lakini nia ilisita. Akasikia habari za Mtakatifu Antoni wa Misri, akaona haya kwamba wasio na elimu waunyakua ufalme wa mbinguni, na wasomi wangali wanagaagaa. Mwezi wa Agosti mwaka 386, akilia bustanini, alisikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza asome. Akakifungua kitabu cha Mtume Paulo, akasoma maneno machache ya Waraka kwa Warumi, na shaka ikamtoka. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosi alimbatiza pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius.

Monika alikuwapo. Yeye naye alikuwa amejifunza jambo huko Milan. Kwao Afrika alikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Ambrosi aliikataza, kwa sababu ilifanana na matambiko ya wapagani kwa wafu wao. Monika akaiacha mara moja bila ubishi. Badala ya kikapu cha vyakula akapeleka sala, na akiba yake akawapa maskini. Tena zamani alijitengenezea kaburi kando ya mumewe. Lakini alipougua mjini Ostia, safarini kurudi Afrika, akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke altareni. Kwa maana hakuna mahali palipo mbali na Mungu. Akafa akiwa na umri wa miaka 56. Sisi tunaojua magombano ya jamaa juu ya mahali pa kuzikia, na madeni yaachwayo na mazishi, twaona hapa jinsi imani katika ufufuko inavyoshuka mpaka kwenye jembe na udongo.

Augustino alirudi Afrika mwaka 388, akaiacha mali ya baba yake, akaishi na wenzake katika sala. Mwaka 391 alipewa upadre mjini Hippo, na miaka michache baadaye akawa Askofu. Mwanafunzi wake Possidius asimulia kwamba juu ya meza yake ya chakula yaliandikwa maneno ya kuwakataza wageni kuwasengenya wasiokuwapo. Maaskofu wenzake walipoanza kusengenya, alisema ama maneno yale yafutwe, ama yeye aondoke mezani. Aliamuru vyombo vitakatifu viyeyushwe ili mateka wakombolewe. Barua yake moja, iliyogunduliwa katika karne ya ishirini, yaeleza jinsi Wakristu wa Hippo walivyowaokoa watu wapatao 120 mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Yule aliyefundishwa zamani kumnyima maskini tunda sasa alitoa hata vyombo vya altare.

Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake. Aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, azisome akiwa kitandani huku akilia. Hakuandika wasia, kwani hakuwa na kitu cha kuwarithisha watu. Aliyesema zamani kwamba si yeye atendaye dhambi, alikufa akiziungama.

Basi, wazazi wapenzi, kijana wenu akiuliza maswali magumu juu ya imani msimfokee, wala msimnyamazishe kwa kusema kwamba haya ndiyo tuliyoyakuta. Kijana aulizaye angali njiani. Mrudisheni mezani, mwulizeni anasadiki nini, msikilizeni mpaka mwisho. Na mnaposhindwa kujibu, mpelekeni kwa padre au katekista ajuaye. Nanyi vijana, chukueni jambo moja mlifanyalo kila siku, jinsi mnavyotumia fedha, au mnavyomtazama msichana, au mnavyomsema asiyekuwapo, mkajiulize ni imani gani iliyo chini yake. Huenda mkakuta si ile mnayoikiri katika Nasadiki.

Sikukuu ya Mtakatifu Monika ni tarehe 27 Agosti, na ya mwanawe yafuata kesho yake. Familia iliyo na mtoto aliyepotea na ifanye novena, mama na mwana wakiiombea pamoja. Machozi ya Monika yalidumu miaka mingi. Hayakupotea hata moja.