Bhagat: Shujaa Aliyefungua Njia

Tunapotaja mashujaa wa vita, tusimsahau Premindra Singh Bhagat, mhandisi katika jeshi la India. Mwanzoni mwa Februari 1941, Waitaliano walipokimbia Metemma, Ethiopia, waliacha barabara imejaa mabomu ya kufukiwa ardhini. Bhagat, kijana wa miaka 22, alitangulia mbele ya wenzake. Kwa siku 4, alfajiri hadi magharibi, alisimamia kuondolewa kwa mabomu katika sehemu 15 kwenye mwendo wa maili 55. Gari lake lililipuliwa mara mbili, sikio moja likapasuka ngoma, lakini alikataa kupumzishwa. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Alifariki 1975, akiwa amefikia cheo cha luteni jenerali. Nishani ile hakuipata kwa kuua, bali kwa kuwafungulia wengine njia.