Sayyid Barghash na Maji ya Unguja

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za Beit-al-Ajaib, jumba kubwa lililojengwa Unguja mwaka 1883. Aliyelijenga ni Sayyid Barghash bin Said. Lakini kazi yake iliyowafaa watu wengi zaidi haikuwa jumba, ilikuwa maji.

Alizaliwa mnamo mwaka 1837, mwana wa Sayyid Said bin Sultan. Baba yao alipofariki mwaka 1856, nduguye Majid alishika utawala wa Unguja. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpokonya, akashindwa, akapelekwa Bombay. Alikaa huko kama miaka miwili, akajionea jinsi mji mkubwa unavyoendeshwa.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaendelea hadi mwaka uliofuata na kuua maelfu ya watu. Wakati ule watu wa mjini waliteka maji katika visima vifupi, na uchafu wa mji ulipenya humo. Mtu aliyaona maji ni meupe, kumbe yana mauti ndani yake. Oktoba 1870 Majid alifariki, na Barghash akatawala.

Hakuwa mtu asiye na lawama. Utajiri wake ulitokana na karafuu zilizolimwa na watumwa, na mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa aliukubali kwa kushurutishwa na Waingereza. Hata hivyo, katika miaka ya 1880 alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, na watu wakayateka bila malipo. Alifariki Machi 1888.

Barghash aliweza kubadili mahali pa kuteka, lakini hakuwa na njia ya kuyapima maji yenyewe. Ni mwaka 1884 tu ambapo Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alimtambulisha kijidudu wa kipindupindu. Siku hizi mpimaji huchukua maji katika chupa safi na kuyapeleka maabara. Katika mililita 100 hapatakiwi kuonekana hata kijidudu mmoja wa kinyesi. Kama maji hutiwa dawa ya klorini, basi yafikapo bombani klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Sisi wa Ifakara tuna sababu ya kulifikiri jambo hili. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia vyooni na visimani pamoja. Kisima kilichopimwa kiangazi kikaonekana chema, huenda masika kisifae kabisa. Kupima mara moja hakutoshi. Nasi wa bweni twanywa sote katika tangi moja. Likichafuka, hakuna atakayesalimika peke yake.

Basi nawaomba wazazi waliomo katika kamati za maji wasiulize tu kama bomba linatoa maji. Waulize pia maji yale yalipimwa lini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne