Joy Adamson: Mchoraji Aliyefunikwa na Simba

Msafiri atokaye mjini Naivasha kwa barabara ya Moi South Lake hupita Karagita, makazi ya wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua, kabla ya kufika Elsamere, nyumba ya ukingoni mwa ziwa ambayo sasa ni jumba la makumbusho. Aliyeishi humo, marehemu Joy Adamson, alipata umaarufu ulimwenguni kwa kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu Elsa, simba jike. Makala haya yananuia kumwangazia kama mchoraji.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 mjini Troppau, katika milki ya Austria na Hungaria (leo Opava, Jamhuri ya Cheki), akaitwa Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937. Mumewe wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyempa jina la Joy na kumhimiza achore maua ya porini. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Nyingi kati ya hizo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Nairobi.

Hapa ndipo penye utata. Napoleon alipomteua Jacques-Louis David kuwa mchoraji wake mkuu mwaka 1804, mtawala aliyeagiza picha ndiye aliyetukuzwa ndani yake. Katika kazi ya Adamson, aliyeagiza ni mtawala, aliyechorwa ni mtawaliwa. Aidha, utawala uleule uliokuwa ukiharakisha kufifia kwa mila hizo ndio uliotaka zihifadhiwe karatasini.

Hata hivyo, si busara kuzitupa picha hizo. Zimehifadhi shanga, hereli, ngozi na mitindo ya nywele ambayo vijana wengi hawajapata kuiona. Lakini picha haitamki. Kila pambo lina jina katika lugha ya mwenyewe, na majina hayo yamo vinywani mwa wazee wachache.

Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980 huko Shaba. Kazi yake ya rangi ilikamilika; ya maneno ingali inatusubiri sisi wanalugha, nao wazee hawatatungojea milele.