Denys Finch Hatton: Mwenyeji wa Takaungu

Denys Finch Hatton alizaliwa Uingereza mwaka 1887, akafika Afrika Mashariki 1911, akawa mwindaji na kiongozi wa misafara ya matajiri. Wengi humjua kupitia Out of Africa, filamu ya Hollywood ya 1985 iliyotwaa Oscar 7 na kuingia majumbani kwa kanda za video, kisha DVD. Humo Robert Redford anamwigiza Mwingereza huyo kwa lafudhi ya Kimarekani!

Kilifi inamfahamu kwa nyumba yake ya pwani huko Takaungu, mji wa Mazrui. Mei 1931 alirukia Voi kuwasaka tembo kutoka angani. Tarehe 14, alipoondoka Voi, ndege ilianguka ikateketea. Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, alikufa naye. Filamu inaonyesha mazishi ya Ngong; Kamau hamo.