Florence Nightingale na rejista ya hospitali

Wengi tunamjua Florence Nightingale, Mwingereza (1820–1910), kwa kazi ya uuguzi. Mwaka 1854 alienda Scutari, Uturuki, kutunza askari wa vita ya Crimea. Aliporudi alichambua hesabu za vifo: magonjwa yaliua askari wengi kuliko vidonda. Kisha akaomba hospitali zote zijaze fomu za namna moja: ugonjwa, siku za kulazwa, kupona ao kufa. Hapo wenye kutoa michango wangejua pesa yao imefanya nini.

Sisi tuliorudi Bijombo tunachanga kidogo kidogo, na kumshusha mgonjwa kwa kipoyi hadi Uvira ni gharama. Basi kila mwezi tusome rejista pamoja. Kama ni kuhara kunakula sanduku letu, tutengeneze chemchemi kwanza.