Bibi Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, katika pwani ya Kenya. Kwetu Binza ni mbali sana na huko. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siu, mtu wa vita aliyekataa kumtii Sultani wa Unguja.

Bwana Mataka akafa. Kisha Mwana Kupona naye akaugua, na ugonjwa ukamshika mwaka mzima. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa na miaka 17 tu. Mama akaona siku zake zimebaki chache, na mafunzo bado ni mengi. Basi akamwita mwanawe aje na wino na karatasi, aketi karibu naye. Akamtungia utendi wa beti 102. Ilikuwa mwaka 1858.

Alimfunza kushika dini, kuwa na adabu na ulimi mwema, na kumtunza mume kama mtoto asiyejua kusema: akilala asiamshwe, bali apepewe. Mengine ni mazito kwa wasichana wa siku hizi, kama kuomba ruhusa kila atokapo nyumbani. Lakini Mwana Kupona alifunza aliyoyatenda mwenyewe, maana mumewe alikufa akiwa radhi naye.

Baadaye alifariki. Utendi wake ukanakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, hata mwaka 1934 ukapigwa chapa Uingereza. Wanawake wa Lamu walikuwa wakiusoma tangu zamani, kwa kuwa aliwaomba wanawake wote wausome, si binti yake peke yake.